Orodha Kabla ya Sahihi



Mada niliyopewa ni hifadhi ya kipepeo adimu pale ambapo kiwanda, bwawa au machimbo yanakaribia kuingia. Wapo watakaodhani haya ni mambo ya Ulaya. Old Moshi imo ndani ya habari hii tangu mwanzo wake. Mwaka 1884 kijana wa Kiingereza, Harry Johnston, alipanda huku akitokea pwani, akapokewa na mtawala wa hapa, Mangi Rindi, yule ambaye wageni walimwita Mandara. Alikuwa ametumwa na jumuiya za wanasayansi wa kwao kukusanya mimea na wanyama wa Kilimanjaro. Siasa alizichanganya humo humo, lakini hilo lina mhadhara wake. Alipoondoka, aliondoka na ndege, majani makavu na wadudu. Mwaka uliofuata, 1885, Frederick DuCane Godman akachapisha London orodha ya vipepeo na nondo waliotoka katika masanduku hayo. Miaka 20 baadaye akaja Mswidi, Yngve Sjöstedt, aliyeongoza msafara wa 1905 na 1906 katika Kilimanjaro, Meru na nyika zinazoizunguka milima hiyo. Matokeo ya kazi yake yalijaza majuzuu mazito, na mwaka 1908 Christopher Aurivillius akatangaza kipepeo mpya, akampa jina la mkuu wa msafara: Papilio sjoestedti.

Kipepeo huyo ni wetu kwa maana kamili. Anajulikana katika misitu ya juu ya kaskazini mwa Tanzania tu, yaani Meru, Kilimanjaro na Ngorongoro. Ukimkosa huku umemkosa duniani kote. Wataalamu humwita kiumbe wa mahali pamoja. Hana kundi jingine lililobaki Kongo wala akiba iliyofichwa Brazili.

Niruhusuni nitoke kidogo njiani. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mwana wa Rindi, pamoja na viongozi wenzake, hapa hapa Tsudunyi, na hadi leo fuvu lake linatafutwa. Silinganishi mtu na mdudu. Ninachosema ni kwamba enzi hiyo hiyo iliyochukua mabaki ya wazee wetu ilichukua pia wadudu wetu, na wadudu iliwaandika vizuri zaidi: jina, mahali, mwezi, aliyewakusanya. Makabati ya Stockholm na London yalimjua kipepeo wa mlima huu kabla shule zetu hazijamjua, na kwa sehemu kubwa bado yanamjua kuliko sisi. Katika muongo wa 2010 Mtanzania Steven Liseki, akishirikiana na Richard Vane-Wright, alichapisha mfululizo wa makala za kitaalamu zinazoorodhesha vipepeo wa Kilimanjaro, familia moja baada ya nyingine. Sidhani kuna nakala ya makala hizo katika maktaba ya shule yoyote ya kata hii. Kama ipo, mwalimu atanisahihisha baadaye.

Hoja yangu leo ni moja tu, na nitaizunguka kwa pande kadhaa: kiumbe adimu huokolewa au hupotea katika ule muda kabla mkataba wa mradi haujatiwa sahihi. Akijulikana kabla, mhandisi anaweza kusogeza barabara au kupunguza maji anayochukua. Akijulikana baada, kila mtu atakuwa amekwisha kukopa fedha, na kiumbe ataitwa kikwazo cha maendeleo.

Ushahidi mkubwa wa hoja hii si kipepeo. Ni chura, na ni wa hapa Tanzania. Wengi wenu mmesikia vyura wa Kihansi, na nadhani wengi mmewasikia kama kichekesho: vyura waliopanda ndege kwenda Marekani ilhali mwananchi hana nauli ya kwenda Arusha. Naomba leo tuisikilize habari ile kwa utaratibu.

Mto Kihansi unatoka nyanda za juu za Mufindi na kuangukia upande wa bonde la Kilombero, katika milima ya Udzungwa. Katika korongo lake maji yaliporomoka kwa nguvu hata yakatoa mvuke na manyunyu mchana na usiku, mwaka mzima. Pembeni mwa maporomoko kulikuwa na vipande vya majani mafupi na kuvumwani vilivyolowana daima. Mahandaki ya kupeleka maji kwenye mitambo yangeyashusha maji hayo kwa kimo cha mita 850 hivi, na kwa macho ya mhandisi wa umeme mahali pale ni zawadi. Nchi ilikuwa katika mgao wa umeme miaka ya 1990, mnakumbuka. Viwanda vya Moshi mjini vilikuwa vinalala giza. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo mwaka 1993, wafadhili wengine wakaingia, na ujenzi ukaanza.

Mwaka 1996, ujenzi ukiwa unaendelea, wachunguzi wa mazingira waliingia korongoni, miongoni mwao Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakamkuta chura mdogo wa rangi ya haradali, asiyezidi sentimita tatu. Hatagi mayai majini. Huzaa watoto walio hai. Makazi yake yote, duniani kote, yalikuwa hekta mbili hivi za manyunyu. Viwanja viwili vitatu vya mpira, basi. Wakampa jina la kitaalamu Nectophrynoides asperginis, na sehemu ya pili ya jina hilo inayataja yale manyunyu yenyewe.

Katika korongo hilo hilo kulikuwa na kitu kingine ambacho watu wa Old Moshi wanapaswa kukijua kwa jina: mbuni wa mwituni, Coffea kihansiensis, uliotangazwa kitaalamu mwaka 2004 na Aaron Davis na mwenzake F. Mvungi. Kahawa hii ambayo babu zetu walianzishia chama cha wakulima mwaka 1925, na KNCU mwaka 1933, ina ndugu aliyekuwa amejificha Kihansi, na tulimwandika baada ya mto wake kuchepushwa. Nani ajuaye ndugu huyo amebeba nini katika damu yake cha kupambana na chulebuni au kutu ya majani? Mtafiti wa mbegu pale kwenye taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI Lyamungo, angependa kuulizwa swali hilo kabla ya bwawa, si baadaye.

Kufikia mwaka 2000 mashine zote zilikuwa zinazunguka. Kituo kina uwezo wa megawati 180, na kwa taifa la wakati ule huo ulikuwa umeme mwingi. Maji karibu yote ya mto yaliingia mahandakini. Manyunyu yakakatika. Ndipo mbio zikaanza. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mwaka 2001 yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, kuiga kwa chuma kazi ambayo mto uliifanya bure. Benki ya Dunia ilitoa mkopo mwingine, dola milioni 6.3, kwa ajili ya usimamizi wa mazingira ya Kihansi. Mabomba yalianza kuzaa matunda: katikati ya 2003 wataalamu walikadiria vyura wapatao 20,000. Miezi michache baadaye wakaporomoka. Ugonjwa wa ukungu unaoua vyura duniani, unaoitwa kitridi, uligunduliwa pale, na wakati huo huo matope ya bwawa yalikuwa yamefunguliwa yakapita korongoni. Januari 2004 walionekana vyura watatu tu. Mwaka 2009 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi, IUCN, ulimtangaza kuwa ametoweka porini.

Kule Marekani nako wengi walikufa kabla watunzaji hawajajua taa gani, chakula gani na unyevu gani vinamfaa. Waliobaki wakazaa. Agosti 2010 vyura 100 wakarudi nyumbani, wakafugwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Desemba 2012 zaidi ya vyura 2,000 wakaachiwa korongoni. Kumrudisha chura mahali alipokwisha kutoweka kabisa porini ni jambo adimu duniani. Tulilifanya sisi. Ni ajabu kwamba tunalicheka.

Msinielewe vibaya. Sisemi Kihansi isingejengwa. Hospitali inahitaji taa, na mtu aliyewahi kujifungulia kwa kibatari hana subira na mhadhiri anayetetea chura. Ninachokilalamikia ni mpangilio wa tarehe. Mkopo 1993, chura 1996, mashine 2000, mabomba 2001, mbuni 2004. Pangeni upya tarehe hizo, chura na mbuni vitangulie, na mhandisi yule yule angechora mradi wa megawati pungufu kidogo, akiacha maji ya korongo tangu siku ya kwanza. Gharama ingekuwa ndogo kuliko ile tuliyoilipa kwa mabomba, ndege na maabara, na wala tusingekuwa na deni la kiumbe.

Baada ya hapo nchi ilijifunza, angalau kwenye karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, na inampa mwananchi haki ya kusema neno lake. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini tathmini huandaliwa na mshauri anayelipwa na mwenye mradi, na mshauri ana haraka. Atakuja wiki moja ya kiangazi, vumbi likiwa juu, atapita na gari, atauliza mtendaji maswali, ataandika kwamba eneo lina vichaka na halina viumbe wa pekee. Na kwa wiki hiyo hatakuwa amesema uongo. Kipepeo wakati huo ni yai chini ya jani, au pupa iliyojibanza kwenye ganda la mti ikingojea masika. Ni sawa na kuhesabu waumini wa Kidia Jumanne asubuhi, kisha ukaandika kwamba kanisa halina watu.

Hapa sharti nieleze kwa nini kipepeo ana udhaifu wake wa pekee, kwa sababu wengi hudhani mdudu anayeruka anaweza kuhama. Yule mzazi anaruka, ndiyo. Kiwavi haruki. Mnawajua wale viwavi wa kwenye milimao, wadogo wanaofanana na kinyesi cha ndege na wakubwa wa kijani, wanaotoa pembe nyekundu yenye harufu kali ukiwagusa? Hao ni watoto wa Papilio demodocus, ndugu wa yule kipepeo wa Sjöstedt. Wa milimao hana shida: tulimletea milimao na michungwa akaenea nayo. Lakini jamaa zake wengi wamefungwa kwenye mti mmoja au jamii moja ya miti, na mama hutaga hapo tu. Ukikata mti huo katika korongo moja, kipepeo atapepea wiki chache zilizobaki za uhai wake, na basi. Hakuna atakayemwona akifa. Tembo akiuawa kuna mzoga, kuna askari, kuna gazeti. Kipepeo huacha tu kuonekana, na anayegundua ni yule aliyekuwa akimwangalia.

Sasa turudi mlimani tuone wapi tumekaa. Msitu wa juu una ulinzi. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973, UNESCO ikauweka mlima katika Urithi wa Dunia 1987, na mwaka 2005 msitu wa hifadhi ukaunganishwa na Hifadhi ya Taifa. Yule kipepeo wa Sjöstedt, kwa hiyo, ana askari. Moto wa Oktoba 2020 ulitukumbusha kwamba askari hawatoshi, lakini angalau wapo. Ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 kwa mahitaji ya Wachaga nao mnajua hali yake ilivyo, sitaki kuwaudhi wenyeji wangu.

Kipande ambacho hakina mwenyewe ni cha chini. Kuanzia mita 1,800 kushuka, msitu wa asili umegeuka vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachaga, na chini zaidi mashamba ya mahindi, mkonge wa zamani, miwa ya TPC Arusha Chini, mji, na viwanda. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, ambaye ameupima mlima huu kwa miaka mingi, ametoa hoja ambayo mimi huiona nzito kuliko takwimu zote. Watu hushangaa kwa nini Kilimanjaro, mlima mkubwa hivi, una viumbe wachache wa pekee ukilinganisha na Usambara au Upare. Jibu la kawaida ni kwamba mlima wetu ni kijana, ni wa volkano. Hemp anasema tazameni upande wa pili: huenda viumbe wa pekee walikuwepo, wakaishi katika msitu wa chini, na msitu wa chini ukafyekwa kwa karne nyingi kabla hajaja mtu wa kuandika. Ushahidi wake ni makorongo. Katika makorongo marefu yaliyobaki katikati ya vihamba, mahali ambapo panga lilishindwa kufika, bado kuna mimea adimu isiyopatikana kwingine mlimani.

Kama mnadhani anatia chumvi, fikirini mti ule. Mwaka 2016 Hemp na wenzake walitangaza kwamba mti wa asili mrefu kuliko yote uliopimwa Afrika uko katika korongo la Kilimanjaro: Entandrophragma excelsum mmoja wenye mita 81.5. Mita themanini na moja na nusu! Ulikuwepo wakati wa Rindi, ukawapita Johnston, Sjöstedt, Wajerumani, Waingereza na sisi wenyewe, na dunia ikausikia mwaka 2016. Kama mti huo ulikosekana kwenye orodha muda wote huo, kipepeo wa sentimita tatu anayeruka wiki mbili mwezi Mei ana nafasi gani?

Na upande wa chini ndiko mahitaji ya viwanda yanakoelekea. Kokoto na mchanga wa mito, matofali, ngozi, maghala, barabara pana, nyumba. Siwalaumu vijana wanaotaka ajira hizo. Kahawa haiwalipi kama ilivyowalipa babu zao, na kihamba kimegawanywa kwa wana hata kimebaki upana wa kitanda. Nasema tu kwamba huko ndiko viumbe wetu wasio na orodha walikobaki, na huko ndiko mikataba inakotiwa sahihi.

Kuna mfano wa California unaonipa moyo, ingawa unatoka katika nchi tajiri. Mjini San Francisco mji ulienea juu ya machuguu ya mchanga wa pwani, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 kipepeo mdogo wa buluu, Xerces, akatoweka moja kwa moja. Kusini zaidi, El Segundo, machuguu ya namna hiyo yalikaliwa na kiwanda cha kusafisha mafuta na uwanja wa ndege wa Los Angeles. Pale pia kulikuwa na kipepeo wa buluu anayeishi kwenye mmea mmoja tu: yai juu ya ua lake, kiwavi ndani ya ua hilo, pupa chini ya shina, na mzazi akinywa asali ya ua hilo hilo. Mwaka 1975 wenye kiwanda walizungushia uzio kipande kidogo cha machuguu ndani ya eneo lao, na mwaka 1976 serikali ikamwandika katika orodha ya viumbe walio hatarini. Kipande kikubwa zaidi kilibaki mwisho wa njia za ndege, ambako nyumba zilikuwa zimenunuliwa na kubomolewa kwa sababu watu hawakuweza kuvumilia kelele. Kipepeo kelele hazimsumbui. Yupo hadi leo, kati ya mapipa ya mafuta na ndege zinazopaa. Kilichomwokoa ni kujulikana kwake mapema, mpaka jina la mmea wake.

Uingereza walikuwa na uzio na bado wakakosa. Kipepeo wao mkubwa wa buluu alilindwa dhidi ya wakusanyaji, ng'ombe na kondoo wakaondolewa kwenye malisho yake, na mwaka 1979 akatoweka. Jeremy Thomas aligundua, kwa kuchelewa, kwamba kiwavi wa kipepeo huyo hulelewa ndani ya kichuguu cha sisimizi wa aina moja, na sisimizi hao hupenda majani mafupi yaliyolishwa na mifugo. Kumwondoa mfugaji ndiko kulikomuua kipepeo. Baadaye walimrudisha kwa mbegu kutoka Uswidi, mifugo ikarudishwa, akashika. Nawaeleza haya kwa sababu kuna wahifadhi wanaoona kila mkulima ni adui. Kihamba cha Mchaga, kwa hesabu za Hemp, kina aina zaidi ya 500 za mimea, nyingi zikiwa hazikupandwa na mtu. Mringaringa juu, mgomba katikati, mbuni chini, masale mpakani, mfongo ukipita. Kile cha Shimbwe Juu kimetambuliwa na FAO kama urithi wa kilimo wa dunia. Siku tutakapong'oa miringaringa yote tupande mahindi matupu tutakuwa tumefanya kazi ya kiwanda bila kiwanda.

Nimeulizwa mara nyingi kama ufugaji wa vipepeo si jibu. Mfano ni Gede, Kenya, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993, majirani wa msitu wakifundishwa kufuga pupa za kuuza Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho, na watu waliotaka msitu ufyekwe wakaanza kuuona kuwa shamba lao. Kwetu mradi wa Amani, Usambara Mashariki, ulifuata njia hiyo hiyo miaka ya 2000. Ni kazi nzuri, lakini ina mipaka miwili. Wanaouzwa ni vipepeo wa kawaida wenye rangi za kupendeza. Yule adimu na mnyonge hana soko. Na soko lenyewe linaweza kufungwa kwa tangazo moja: mwaka 2016 serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi, ikiwa na sababu nzito za utoroshaji, wafugaji wa Amani waliingizwa katika kapu moja na walanguzi wa twiga. Fugeni kama mnataka, lakini msiliachie soko kazi ya sheria.

Basi tufanye nini Old Moshi? Naanza na shule. Kila shule ya kata hii ina simu ya mwalimu yenye kamera, na ina watoto wanaojua kila njia ya korongoni. Iwe na daftari: picha, tarehe, mahali, kipepeo alikuwa kwenye mti gani, na jina la mti huo kwa Kichaga, maana bibi zetu wanajua miti ambayo mshauri wa tathmini hataijua. Mapitio mawili kila mwaka yasikosekane, masika na vuli. Picha zisizotambulika zipelekwe kwa walimu wa Chuo cha Mweka, ambacho kipo jirani hapa tangu 1963, au Makumbusho ya Historia ya Asili pale Boma, Arusha. Nakala moja ya daftari ikae shuleni na nyingine kwa mtendaji wa kata. Daftari likikaa kwa mtu mmoja litakwenda naye akihamishwa.

Pili, makorongo. Sheria ile ile ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sehemu kubwa ya msitu wetu wa chini uliobaki imo ndani ya mita hizo. Hatuhitaji hifadhi mpya wala askari wapya. Tunahitaji serikali ya kijiji isitoe kibali cha kuchimba mchanga mahali ambapo haina mamlaka ya kukitoa. Hapo ninajua ninagusa mifuko, na ninajua baadhi ya mifuko hiyo imekaa mstari wa mbele leo.

Tatu, Rau. Ukishuka hadi kando ya Moshi mjini kuna msitu wa hekta 570 hivi unaonyweshwa na maji ya ardhini, ambamo umo mti adimu uitwao msoo. Mpunga uko upande huu, mji upande ule, na kuni zinatoka ndani. Maji ya Rau yanatoka huku juu kwetu. Daftari letu likifanya kazi Old Moshi, shule za Rau zipewe mfano wake mwaka wa pili.

Na tangazo la tathmini ya mradi wowote likibandikwa ofisini kwa mtendaji, iwe ni machimbo, kiwanda au bwawa la umeme, nendeni mkiwa na daftari mkononi. Ombeni mwonyeshwe ukurasa wa wadudu. Ulizeni walichunguza mwezi gani, na kama waliingia korongoni au waliishia barabarani. Ulizeni nani alitambua vipepeo, na kama orodha yao inalingana na yenu. Kama ukurasa huo haupo, andikeni pingamizi kwa NEMC, Ofisi ya Kanda ya Kaskazini, mkiambatisha nakala ya daftari, na mwombe mhuri wa kupokelewa siku hiyo hiyo. Barua isiyo na mhuri hupotea kwa urahisi kuliko kipepeo.

Maswali sasa. Tuanze na vijana, wazee watanisamehe.